Mkataba wa Iran: Uvumi si bidhaa

Kila habari za mazungumzo ya nyuklia kati ya Marekani na Iran zinapotoka, soko la mafuta hutikisika. Wajumbe wakitabasamu, bei ya pipa hushuka, wakinuna, hupanda. Mfanyabiashara anayepanga manunuzi yake kwa kutazama nyuso hizo anacheza kamari.

Mkataba ulifikiwa Vienna Julai 14, 2015. Iran ilikubali kutorutubisha urani kupita asilimia 3.67, nayo iondolewe vikwazo. Kampuni kubwa zikakimbilia Tehran. Total ya Ufaransa ilitia saini mradi wa gesi wa South Pars mwaka 2017, na Airbus ikapata oda ya ndege 100. Mei 2018 Rais Donald Trump akaitoa Marekani. Total ikafungasha virago. Airbus ilikuwa imekabidhi ndege tatu tu.

Kasoro ilikuwa wazi tangu mwanzo. Seneti ya Marekani haikuuridhia mkataba huo, hivyo alichokubali rais mmoja, mwingine alikifuta. Mazungumzo ya kuufufua yalipoanza Vienna Aprili 2021, Iran ilidai dhamana kwamba hayo hayatarudiwa. Serikali ya Joe Biden haikuwa na dhamana ya kutoa. Wajumbe wa Ulaya walibeba ujumbe huku na huko, lakini hadi mwisho wa 2022 hakuna kilichosainiwa.

Mwaka 2025 Oman ilisuluhisha raundi tano. Kabla ya ya sita, Israel iliishambulia Iran Juni 13. Siku hiyo mafuta ya Brent yalipanda kutoka kama dola 69 hadi 74 kwa pipa. Juni 24, mapigano yaliposimama, yalikuwa kama dola 67. Aliyejaza matangi kwa hofu alibaki na mali ghali. Mwenye kituo Dar es Salaam au Mombasa hawezi kumsukumia mteja hasara ya namna hiyo, kwani EWURA na EPRA hutangaza bei kikomo kila mwezi.

Tangazo la wanadiplomasia peke yake halitoshi. Vya kuangaliwa ni vitatu: vikwazo vimeondolewa kwa maandishi? Benki zinapitisha malipo? Meli zinapata bima? Kabla ya hapo, mwenye mtaji mdogo anunue kwa mahitaji ya biashara yake. Wahenga walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.