Bei ya domeni iandikwe getini

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaotengeneza tovuti hapa Ukunda ni hili: nina domeni nzuri, niiuze bei gani? Wengi jibu wanalo tayari. Akija mama mwenye vyumba vya kukodisha Msambweni, anatajiwa elfu tano. Akija mwenye hoteli Diani, anatajiwa laki mbili. Jina ni lile lile.

Je, ni haki? Nasema yaweza kuwa haki, ila si kwa namna tunavyofanya.

Tazameni Shimba Hills, hapa hapa Kwale. KWS humtoza raia wa Kenya kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje. Bei zote hutangazwa, na kila mtu anajua yuko kundi gani kabla hajatoa pesa. Sisi wauza domeni tunamtazama mtu viatu na gari kwanza, ndipo bei izaliwe. Hapo ndipo dhuluma inapoingia.

Kwa hiyo tangaza bei mbili kwenye ukurasa wako, ya biashara ndogo na ya kampuni kubwa, na useme wazi ndogo ni ipi.

Mtaniambia tajiri atamtuma binamu yake anunue kwa bei ya chini. Kweli, domeni si tiketi ya mbuga, ikishahamishwa imekwenda. Dawa yake ni awamu. Anayelipa bei ya chini alipe kidogo kidogo kwa miaka miwili. Jina libaki kwenye akaunti yako, likielekezwa kwenye tovuti yake tangu siku ya kwanza. Mkataba umlinde naye: usimuuzie mwingine, wala usiache usajili uishe muda. Mwenye biashara ya kweli hataona tabu. Mlanguzi hana subira hiyo.

Lakini kuna jina lisilo na bei kabisa, nalo ni lile ambalo tayari ni la mtu. KeNIC, wanaosimamia .ke, husajili kwa anayewahi. Kuwahi si kumiliki. Kwa .com, kanuni za ICANN za mwaka 1999, ziitwazo UDRP, zinasema ukisajili alama ya biashara ya mtu ili umuuzie mwenyewe kwa zaidi ya gharama zako, hiyo ni nia mbaya, na waweza kunyang'anywa. Hoteli kubwa ina alama iliyosajiliwa na ina wakili. Kikundi cha kina mama wauza samaki hakina. Sheria ikiwa mbali nao, kilichobaki ni dhamira yako. Warudishie jina lao kwa gharama uliyolipa, basi.

Pwani yetu ni ndogo. Wateja wako watakutana sokoni na watalinganisha bei. Afadhali wakute ulishaziandika.

Nyie mwaonaje?