Rafiki Yako Mkague Kabla Hajapanda

Kuna watu wanaodhani kwamba mtu aliyeacha mchezo wa kupanda miamba kwa miaka mingi kisha akaurudia, hatari yake ni kusahau. Mimi nakataa. Aliyesahau hujijua, atauliza, ataonyeshwa, ataanza polepole kama mgeni. Wa kuhofiwa ni yule ambaye mikono yake bado inakumbuka. Na akiwa amekuja na rafiki yake wa zamani, basi hofu hiyo izidishe mara mbili.

Huenda ukauliza, mambo ya miamba yanamhusu nini mwanachama wa Chama cha Kiswahili? Subiri, tutafika huko. Kwa sasa jua tu kwamba mchezo huu hauko tena Hell's Gate peke yake, kule karibu na Naivasha ambako watu hupanda mnara wa mawe wa Fischer. Siku hizi hata jijini Nairobi unaweza kupanda ndani ya jumba, mvua inyeshe isinyeshe. Ukuta umejaa mashiko ya plastiki ya rangi rangi na muziki unalia. Michezo ya Olimpiki yenyewe iliukubali mchezo huu kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, mwaka wa 2021. Basi watu walioacha kupanda wakiwa vijana, ambao sasa wana kazi na watoto, wanarudi wawili wawili. Mimi pia nilirudi na mwenzangu baada ya miaka tisa.

Kwa asiyejua, mambo ni hivi. Kamba inatoka kiunoni mwa anayepanda, inakwenda juu hadi kwenye chuma kilichokazwa kileleni, kisha inarudi chini kwa mwenzake. Huyu wa chini amevaa mkanda wa kiunoni na mapajani, na kwenye mkanda huo kuna kifaa kinachoibana kamba. Anayepanda akiteleza, kamba inakazwa naye anabaki ananing'inia. Maisha ya wa juu yamo mikononi mwa wa chini. Vijana wa mtaani humwita rafiki mshikaji. Ukutani neno hilo halina mzaha.

Sasa sikiliza ubaya wa fundo. Anayepanda hujifunga kwa fundo la nane. Analifunga kwanza kwenye kamba, anapitisha ncha katika mkanda wake, halafu anairudisha ncha ile ifuate njia ya fundo lile lile mpaka mwisho. Akiikatiza kazi hii nusu, hakuna kengele itakayolia. Atapanda vizuri kabisa, maana wakati wa kupanda uzito wake uko miguuni na mikononi, hauko kwenye kamba. Atafika juu, ataachilia mikono ili ateremshwe, na hapo ndipo fundo litakapoulizwa swali lake la kwanza.

Je, haya hutokea kweli? Lynn Hill wa Marekani alikuwa miongoni mwa wapandaji bora duniani mwaka wa 1989, alipokwenda kupanda miamba ya Buoux huko Ufaransa. Alipitisha kamba kwenye mkanda, akaingia katika mazungumzo, akafunga viatu, fundo likabaki halijamalizwa. Alipofika juu akaegemea nyuma, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpunguzia kasi, akapona. Aliyekuwa ameshika kamba chini ni mumewe mwenyewe! Mwaka wa 2012, John Long, mwandishi wa vitabu vinavyofundisha kupanda miamba, alianguka ndani ya jumba la mazoezi huko California akavunjika mguu vibaya. Naye fundo lake halikuwa limekamilika. Mwalimu wa mafundo akaangushwa na fundo.

Hawa hawakuwa wageni wa mchezo, na hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike. Wahenga walisema mazoea yana tabu. Watu wawili wasiojuana hutazamana kwa wasiwasi, kila mmoja anachungulia mkanda wa mwenziwe. Marafiki wa zamani wana habari za miaka tisa za kupashana: fulani ameoa, fulani yuko ng'ambo, yule mwalimu wa hesabu amestaafu. Wanafunga mafundo huku wanacheka.

Mwenzangu siku ile alinijia juu. "Ah, bwana! Tumejuana tangu Kidato cha Kwanza, leo wanikagua kama polisi wa trafiki?" Nikamwambia alete hilo fundo nilione. Lilikuwa sawa, limelala barabara, kila uzi mahali pake. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini kesi gani? Fundo kuwa sawa leo si hoja ya kutolitazama kesho. Ati marafiki wanaaminiana! Kuaminiana ni jambo jema katika kukopeshana pesa. Kamba haina habari na urafiki wenu. Isitoshe, kila aliyewahi kuandika insha anajua kwamba makosa yake mwenyewe hayaoni hata akisoma mara tano, lakini akimpa jirani wa dawati, huyo huyaona papo hapo. Jicho lililofunga fundo huona lile lililotarajia kuona.

Kwa hivyo mkaguane, kila safari, hata ile ya kumi na tano mkiwa mmechoka. Mkanda umekazwa? Fundo limekamilika, na limepita mahali panapostahili? Karabina imefungwa? Kamba imeingia kwenye kifaa upande ulio sawa? Hili la mwisho ni muhimu kwa wanaorudi. Siku hizi kumbi nyingi zina vifaa vinavyosaidia kuibana kamba ikivutwa ghafla, lakini ukiitia kamba kinyume, huenda kisibane ng'o. Aliyezoea kifaa cha aina nyingine aombe kuonyeshwa upya, asione haya. (Vidole navyo visifanyiwe pupa. Misuli hupata nguvu upesi, kano huchelewa, na wengi wanaorudi kwa kishindo hupumzishwa tena na kidole kilichovimba.)

Sasa lile la Kiswahili. Mle jumbani Wakenya wawili, wote wamezaliwa na kulelewa hapa hapa, utawasikia wakipaaziana sauti kwa Kiingereza cha kukariri. Kwa nini? Ukaguzi ni mazungumzo, na mazungumzo ya uhai hufaa yafanywe kwa lugha ambayo mtu hahitaji kuifikiria. Sisi tumekubaliana hivi. Kabla ya kuondoka chini: "Umeshika?" "Nimeshika." "Napanda." "Panda." Juu huko ni "kaza" na "legeza", maneno yasiyofanana hata kidogo. Mwanzoni mwenzangu alipendekeza "shusha" kwa kuteremshwa, nami nikapinga, kwa sababu muziki ukilia mtu wa chini atasikia "sh" peke yake asijue kama anaambiwa ashike au ashushe. Tunatumia "teremsha". Bado hatujapata neno fupi la kumwonya mwenzako kwamba kamba inakaribia kumwisha mkononi, na mwanachama aliye nalo amletee mhariri.