Kasha la njumu lirudi darasani

Mwanafunzi wa Maskati anapotakiwa na mwalimu wake kubuni na kutengeneza pambo la mbao, njia nyepesi ni kuchagua picha, kuikatisha kwa mashine na kuibandika kwa gundi. Maksi atapata. Lakini atakuwa amejifunza nini?

Sisi tunapendekeza atengeneze kasha la njumu, lile ambalo Waomani huliita mandus. Mengi ya makasha ya zamani yalitengenezwa India, yakaletwa kwa majahazi hadi Maskati na Unguja. Ndani yake bibi harusi aliweka nguo na dhahabu zake. Leo wageni huyanunua katika soko la Matrah kuwa pambo la sebuleni.

Kasha ni somo kamili. Njumu za shaba hazipigwi ovyo: lazima kwanza uchore kwa rula na bikari, ugawe nafasi sawasawa, ndipo ushike nyundo. Mbao isiyokauka vizuri itapasuka, hasa katika mji wetu ambamo nje ni joto na unyevu na ndani ni kiyoyozi. Hiyo ni hesabu na sayansi.

Wapo watakaosema msaji ni ghali na muda hautoshi. Kasha la shubiri moja, la vipande vilivyobaki kwa seremala, linatosha. Walimu nao watoe maksi kwa mchoro na maungio, si kwa mng'aro wa vanishi tu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, Unguja, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Nyumba kama ile, na milango yake ya nakshi, zinahitaji mafundi. Fedha za ukarabati huweza kutafutwa. Mikono inayoijua patasi haipatikani kwa siku moja.

Na lugha pia imo humo. Katika nyumba zetu nyingi hapa, babu anasema Kiswahili na mjukuu anajibu Kiarabu. Mjukuu huyo akija kuuliza njumu ni nini na bawaba inakaa wapi, babu atakuwa na la kumfundisha.

Samaki mkunje angali mbichi. Wazazi wa Maskati, na nyinyi ndugu zetu wa Unguja, Mombasa na Lamu, wapelekeni watoto kwa mafundi wakati mafundi bado wapo.