Aliyeacha pombe si mlevi

Ndugu mwandishi, umedai aliyewahi kuwa mlevi asipewe kamwe kazi ya ulinzi hapa Goma. Nakukatalia. Marekani kwenyewe, wanakochunguza watu kwa ukali kabla ya kuwakabidhi siri za serikali, miongozo ya 2017 haimfungii mlango aliyekiri tatizo, akatibiwa, akadumu bila kunywa.

Jirani yangu wa Katindo ameacha kanyanga miaka minne sasa. Saa kumi na mbili jioni huingia zamu na chupa yake ya chai, akatikisa kufuli moja moja. Huyo ndiye unayetaka afukuzwe? Ukimfukuza, wanaokunywa leo watazidi kujificha, na mwenye kujificha ndiye rahisi kutishwa kwa siri yake hadi afungue geti.