Kompyuta imefika zahanati, kadi ya mtoto usiiache

Mwaka 1974, enzi za Ujamaa, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo Serikali hiyo hiyo inataka vituo vyake visajili wagonjwa kwa mfumo wa GoTHOMIS. Ni jambo jema: fedha zinaonekana, dawa zinahesabika.

Lakini wewe mzazi wa Basotu unayempeleka mwanao Haydom, ng'ambo ya mpaka wa wilaya, usidhani taarifa zake zimekutangulia. Haydom ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri. Yaliyoingizwa kwenye kompyuta ya zahanati yenu huenda yasionekane huko. Beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa na majina ya dawa alizokwisha kutumia, hasa ile iliyomdhuru. Umeme nao hukatika.

Estonia, iliyotoka kwenye ukomunisti wa Kisovieti mwaka 1991, ilianza cheti cha dawa cha kielektroniki mwaka 2010, na mgonjwa huko huona nani kafungua faili lake. Hapo ndipo pa kudai. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Anza kuuliza pale dirisha la mapokezi.