KODI YAVUKA MTO, KURA YABAKI NG'AMBO



Dola ya Marekani ilizaliwa katika ugomvi wa kodi. Mwaka 1776 makoloni 13 yalijitoa katika himaya ya Mfalme wa Uingereza, na miongoni mwa hoja zao kubwa ilikuwamo hii: kwamba Bunge la London, ambalo wao hawakuwa na mjumbe ndani yake, halikuwa na haki ya kuwatoza kodi. Hoja hiyo ni ya haki, na wanyonge wa dunia nzima wameirithi. Basi na tuulize, na khasa sisi watu wa visiwani ambao tuna ndugu zetu waliokwenda huko kutafuta riziki: lile walilolikataa kwa Mfalme, mbona leo wanatendeana wao kwa wao?

Itazameni New York. Malaki ya watu wanaishi katika majimbo jirani ya New Jersey na Connecticut, na riziki yao iko New York. New York inawatoza kodi ya mapato juu ya mshahara wanaoupata huko, na jimbo la kwao huwapunguzia kodi yake kwa kadiri ya walicholipa, ili wasitozwe mara mbili. Katika hilo hatuna ugomvi mkubwa. Mtu apitaye njia za mwenzake, na akalindwa na askari wake, ni haki achangie gharama, ijapokuwa hana kura ya kumchagua wala kumwondoa anayemtoza.

Dhulma khasa inaanza siku ile ambayo mtu huyo hakuvuka mto. Sheria ya New York yasema hivi: ikiwa mwajiri wako yuko New York, nawe ukafanya kazi nyumbani kwako katika jimbo jingine kwa nafasi yako mwenyewe na si kwa haja ya mwajiri, basi siku hiyo itahesabiwa kuwa umefanya kazi New York! Mtu hakutoka mlangoni kwake. Wanawe wanasomeshwa na jimbo lake, njia anayoikanyaga ni ya mji wake. Lakini kodi ya jasho lake inakwenda kwa jirani.

Profesa Edward Zelinsky, mwalimu wa sheria na mkaazi wa Connecticut, alikuwa akisomesha New York baadhi ya siku, na siku nyingine akifanya kazi nyumbani. New York ilizitoza siku zote. Connecticut nayo ikasema kuwa siku za nyumbani ni zake. Pato moja, kodi mbili! Akashitaki. Mwaka 2003 mahakama iliyo kubwa kuliko zote za jimbo la New York ilimshinda, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kumsikiliza.

Wala msidhani kuwa wanaolia wote ni wasafi. New Hampshire haitozi kodi juu ya mishahara. Mwaka 2020, katika maradhi ya korona, Massachusetts iliendelea kuwatoza watu wa New Hampshire waliokuwa wamerudi kufanya kazi majumbani mwao. New Hampshire ikapiga kelele hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2021 ikafungiwa mlango. Lakini ni New Hampshire hiyo hiyo iliyowatoza watu wa Maine waliokwenda kufanya kazi kwake, huku watu wake yenyewe wakisalimika, mpaka Mahakama ya Juu ilipoibatilisha kodi ile mwaka 1975. Mkuki kwa nguruwe, kwa binaadamu mchungu!

Na New Jersey je? Mwaka 2023 ilitunga sheria ya kulipiza: wakaazi wa majimbo yenye sheria kama ya New York, wakifanya kazi majumbani mwao kwa waajiri wa New Jersey, nao watozwe vivyo hivyo. Fahali wawili wanapigana, na ziumiazo ni nyasi.

Dawa ipo, tena wanaijua. New Jersey na Pennsylvania zina mapatano tangu mwaka 1977: mfanyakazi alipe kodi ya mshahara kwa jimbo analoishi, basi. Na mji wa Washington umekatazwa na Congress kuwatoza wasiokuwa wakaazi wake. Aliyeweza kuuzuia mji mkuu ashindweje kuizuia New York?

Alhasili, neno letu ni moja. Asiyekuwa na kura katika jimbo, na siku hiyo hakuikanyaga ardhi yake, asidaiwe hata senti. Kinyume cha hayo ni kurudisha ufalme uliopinduliwa mwaka 1776, bila ya taji. Na dhulma, ijapovikwa joho la sheria, ni dhulma.