Kikohozi cha mzee kipimwe

Mhariri,

Nina dukuduku ambalo najua wazee wenzangu wengi wanalo. Sisi tuliovuka miaka 60 tukifika zahanati na kikohozi, mara nyingi hatupimwi. Tunaambiwa ni umri.

Jirani yangu hapa Muheza, mkulima wa machungwa, alianza kukohoa wakati wa masika. Zahanati walimpa chupa ya dawa na kumwambia, "Babu, huo ni uzee, kapumzike." Aliporudi akapewa chupa nyingine. Suruali zikawa zinampwaya, usiku shuka linalowa jasho, na bado hakuna aliyemtaka atoe makohozi. Mpaka binti yake alipokuja likizo akampeleka hospitali kubwa, ndipo ikagundulika ni kifua kikuu (TB). Muda wote huo alikuwa akilala chumba kimoja na wajukuu zake.

Kila mhudumu wa afya anaijua kanuni: mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, apimwe TB. Hakuna palipoandikwa kwamba kanuni hiyo inakoma ukifikisha miaka 60. Tena mzee ndiye wa kutiliwa shaka zaidi, maana vimelea vya TB huweza kukaa kimya mwilini miaka mingi, vikaamka kinga inaposhuka kwa umri au kwa kisukari. Vipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure, na tiba ya kawaida ni miezi sita. Anayekosekana ni wa kumwambia mzee, "Chukua kikopo hiki, utuletee makohozi."

Jambo la pili ni elimu. Kina mama wanafundishwa kliniki, watoto wanafundishwa shuleni. Sisi tunakaa kwenye benchi la dirisha la wazee tukikodolea bango ambalo maandishi yake macho yetu hayayawezi. Matokeo yake, nyumbani kwa jirani yangu walimtengea mzee kikombe na sahani, lakini dirisha la chumba likafungwa usiku na mchana kwa kuogopa baridi. TB haiambukizwi kwa kikombe, husambaa kwa hewa. Dirisha wazi na kitambaa mdomoni vingewasaidia wale watoto kuliko sahani zote zilizotengwa. Wapo pia wazee wanaoliamini kovu la chanjo ya TB ya utotoni, wakati chanjo ile kazi yake kubwa ni kuwakinga watoto wadogo.

Asije mtu akasema wazee hatufundishiki. Korona ilipoingia mwaka 2020, ndoo na sabuni zikawekwa kwenye milango ya misikiti na makanisa, tulinawa bila kushurutishwa. Tulielezwa, na maji yalikuwepo.

Naziomba halmashauri ziwatume wahudumu wa afya ya jamii kwenye vikao vya mabaraza ya wazee, waseme nasi kwa mdomo, na waache muda wa maswali. Mzee yeyote anayefika dirishani, hata kama amefuata dawa ya presha, aulizwe kama anakohoa na tangu lini. Akikutwa na TB, mhudumu afike nyumbani siku hizo hizo na kuwapima wote anaoishi nao, akianza na wajukuu.

Mzee msomaji,
Muheza, Tanga